Karatasi Kabla ya Ndege

Bata mzinga dume wa porini huweza kufika kilo 10, lakini mahali pa kumwangusha ni padogo kuliko mtu anavyodhani. Kifua chake kimefunikwa na manyoya mazito yaliyolaliana, mifupa ya mabawa yake ni minene, na marisau yakimpata hapo mara nyingi humjeruhi tu. Atakimbia, au ataruka bonde zima, akafie vichakani ambako hakuna atakayemwona. Kwa hiyo mwindaji anayeijua kazi hulenga kichwa na shingo peke yake: fuvu, na pingili za uti wa mgongo zinazoshuka kutoka hapo. Ni sehemu nyembamba, haina manyoya ya kutajika, na haitulii. Ndege akitembea, kichwa huenda mbele na kurudi. Akisimama, hukigeuza huku na huku, kwa macho yanayotambua rangi na kuwahi kila kinachosogea.

Basi swali ni moja. Bunduki hii, ikiwa na choki hii na katriji hii, kwa umbali huu, itaweka marisau mangapi katika sehemu hiyo nyembamba? Maandishi ya kwenye boksi hayajibu. Muuzaji dukani hawezi kujibu hata akiwa mkweli, kwa sababu mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja huweza kutofautiana. Anayejibu ni karatasi, na humjibu anayejua kuiuliza polepole.

Nimeitazama kazi hii katika vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri, Marekani, mikononi mwa mzee mmoja aliyekuwa seremala kabla ya kustaafu. Huifanya mwezi Machi, mialoni ikiwa bado haina majani, wiki chache kabla ya msimu wa majira ya machipuko kufunguliwa mwezi Aprili. Katika msimu huo madume huwindwa kwa kuitwa. Mwindaji huketi chini, mgongo kwenye mti, akaiga sauti ya jike kwa kisanduku cha mbao au kwa kijiti kinachokwaruza kibao cha jiwe, hadi dume aje mwenyewe. Kuita ndiko kunakosimuliwa sana. Haya ya karatasi husimuliwa kidogo, nami naona ndiyo yenye ustadi mkubwa zaidi, kwa kuwa hufanywa bila ndege, bila msisimko, na bila mtu wa kupiga makofi.

Kazi huanzia mezani, ndani ya karakana, jioni ya kuamkia siku ya majaribio. Bunduki ni ya geji 12, ya kukokiwa kwa kuvuta mshikio ulio chini ya mtutu. Kabla ya jambo lolote mzee huifungua chemba na kuchungulia, kisha huingiza kidole kuhakikisha kwamba ni tupu. Hufanya hivyo hata kama ameiweka chini sasa hivi. Halafu huchukua ufunguo wake na kuifungua choki.

Choki ni neli fupi ya chuma, yenye hesi upande mmoja, inayofungwa ndani ya mdomo wa mtutu. Kazi yake ni kuubana mdomo huo ili marisau yatoke yakiwa yamekusanyika. Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha yapata milimita 18.5; hesabu ya geji ni ya zamani, ya mipira 12 ya risasi yenye kipenyo hicho kutimiza ratili 1. Choki inayoitwa kamili huupunguza mdomo kwa karibu milimita 1. Choki za bata mzinga hubana zaidi, hadi milimita 17 hivi, na nyingine hushuka chini ya hapo. Ni tofauti ambazo jicho haliwezi kuzipambanua ukizipanga choki mezani, lakini kwenye karatasi iliyo mbali hujitangaza zenyewe.

Mzee anazo tatu, amezilaza juu ya kitambaa. Kila moja huipima mdomo kwa kalipa, kwa kuwa namba iliyochongwa ubavuni si lazima iwe kweli kamili, na kila kipimo hukiandika daftarini kwa penseli bapa ya useremala. Kisha husafisha. Kila katriji inapolipuka huacha utando wa plastiki na risasi kwenye kuta za mtutu, na utando huo ukizidi hubadilisha namna marisau yanavyotawanyika. Brashi ya shaba hupita na dawa, kwenda na kurudi, halafu vitambaa, kimoja baada ya kingine, hadi kitambaa kitoke cheupe. Hesi za choki huzisugua kwa mswaki mkuukuu, akazipaka grisi kidogo sana, akairudisha neli kwa vidole hadi ikome, ndipo ufunguo uikaze kidogo tu. Hakuna nguvu inayotumika. Choki iliyokazwa kwa nguvu hung'ang'ania isitoke tena. Iliyolegea hujifungua yenyewe kwa mishindo, na marisau yakikuta ukingo uliojitokeza njiani, mtutu huharibika.

Katriji nazo zina siri yake. Moja aliipasua kwa kisu ili nione. Chini kabisa kuna fataki, juu yake baruti, halafu kikombe cha plastiki, na ndani ya kikombe marisau yenyewe yakiwa yamefukiwa katika unga mweupe wa plastiki. Unga ule unayalinda. Baruti ikiwaka, kikombe husukumwa ghafla, na marisau ya chini huelemewa na uzito wa yaliyo juu. Yanayobonyea hupoteza uviringo, hewa huyakamata, nayo huenda kombo. Ndiyo sababu pia risasi huchanganywa na antimoni ili iwe ngumu, na katika katriji nyingine marisau hupakwa shaba juu. Mzee aliyamimina mezani, akayaviringisha chini ya kiganja, akaninyooshea mkono nione kwamba hakuna lenye pembe. Kisha alienda kunawa kwa sabuni, kwa kuwa risasi ni sumu na hataki iingie kwenye chakula chake cha jioni.

Ukubwa wa marisau huandikwa kwa namba inayokwenda kinyume: namba ikipanda, marisau hupungua. Toa namba hiyo kwenye 17, utapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi. Namba 5 hubakisha 12, yaani inchi 0.12, milimita 3 hivi. Wakia 1 ya risasi hutoa marisau yapata 135 ya Namba 4, au 170 ya Namba 5, au 225 ya Namba 6. Sheria ya Missouri hairuhusu makubwa kuliko Namba 4 kwa ndege huyu. Marisau makubwa hufika mbali nguvu yake ikiwa bado ipo, lakini ni machache. Madogo huijaza karatasi, lakini huchoka mapema. Mzee alikuwa na boksi la Namba 5 na boksi la Namba 6, zote za wakia 1¾, karibu gramu 50 za risasi katika kila katriji. Alikuwa pia na katriji chache za namna nyingine, alizoziweka kando.

Kwa majaribio husubiri asubuhi isiyo na upepo. Mahali ni mwisho wa malisho, palipo na ukingo mrefu wa udongo kwa nyuma, mbali na njia na nyumba. Fremu ni ya mbao, ameiunda mwenyewe, na pembe zake zimeungwa kwa viungo vya seremala ambavyo sikutarajia kuviona kwenye kitu cha kupigwa marisau. Juu yake hunyoosha karatasi ya kahawia yenye upana wa inchi 36, akaibana kwa stepla pembe nne, halafu katikati ya kila upande isije ikapepea. Katikati huchora msalaba mdogo kwa kalamu ya wino mzito. Hachori mduara. Mduara una wakati wake.

Umbali hupimwa kwa utepe. Kifaa cha leza anacho mfukoni na atakitumia msituni, lakini siku hii anataka pia kujua kama leza yenyewe inasema kweli, na utepe ndio unaoipa mtihani. Hupigilia vigingi kwa yadi 10, 20, 30, 35 na 40. Yadi 40 ni mita 36 na nusu hivi. Fremu ndiyo inayohama kutoka kigingi hadi kigingi. Meza nzito yenye mifuko ya mchanga haihami. Huvaa vizuia sauti masikioni, miwani ya kinga, na pedi nene begani, nami nikapewa vyangu, na mahali pa kusimama nikaonyeshwa kwa kidole: nyuma yake, upande wa kushoto, nisisogee hadi chemba ifunguliwe.

Katriji za kwanza si za bata mzinga. Ni nyepesi, za bei nafuu, za kupigia visahani vya udongo, nazo humwachia bega lake. Fremu iko yadi 20. Hapo hatafuti mtawanyiko bado, anatafuta mahali: je, kiini cha marisau kinaangukia penye msalaba? Watu wengi hudhani bunduki ya marisau haihitaji kulinganishwa, kwa kuwa hutawanya. Kwa kwale anayeruka, upana wa mtawanyiko humsaidia mpigaji. Kwa kichwa cha bata mzinga na choki iliyobana, bunduki inayopiga inchi 6 kushoto kwa yadi 20 itapiga inchi 12 kushoto kwa yadi 40, na pale ndege hayupo kabisa.

Hupiga mara tatu kwenye karatasi ileile. Kila mara, shavu hukaa juu ya kitako cha bunduki mahali palepale. Nilikuwa nikitazama mkunjo wa ngozi yake ukiupata ubao ulipozoea. Shavu likiinuka kidogo, jicho huinuka, na marisau huinuka nalo. Kiini kilionekana juu ya msalaba, kulia kidogo. Alipima kwa rula pande zote mbili, akafanya hesabu pembeni ya karatasi, akazungusha skrubu za kilengeo cha nukta nyekundu, mlio mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo. Karatasi mpya. Mara tatu tena. Sasa msalaba ulikuwa katikati ya weusi.

Ndipo fremu ikapelekwa yadi 40, na boksi zito likafunguliwa. Katriji huingia moja tu, magazini hubaki tupu. Huvuta pumzi, huitoa nusu, hutulia. Kidole hakikurupuki; hubana kidogo kidogo, na mshindo unapokuja unaonekana kumfika yeye kama unavyonifika mimi, bila taarifa. Huo ndio ustadi wenyewe, maana katriji hizi husukuma bega kwa nguvu kubwa, na mwili unaojua kwamba utaumia huanza kujikunja kabla. Mzee hajikunji. Mtutu hupanda, hushuka, chemba hufunguliwa, ganda huruka nyasini, na bunduki hulazwa mezani ikiwa wazi.

Katika bei ya kila katriji anayoipiga kuna kodi ya asilimia 11 inayotozwa kiwandani, ambayo tangu sheria ya Pittman na Robertson ya mwaka 1937 hurudishwa kwa majimbo kuhifadhi wanyama na makazi yao. Bata mzinga ni mmoja wa walionufaika na fedha hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ametoweka katika majimbo mengi, misitu imekatwa na uwindaji hauna mipaka. Miaka ya 1950 maofisa wa wanyamapori walianza kuwanasa waliosalia kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo ya baruti, wakawahamishia misitu iliyoanza kuota upya. Missouri iliweza kufungua tena msimu wa machipuko mwaka 1960. Wazee wa Ozark wanaikumbuka miaka ambayo hapakuwa na ndege wa kuwaita, na huenda ndiyo maana baadhi yao hawawezi kumpiga ndege kwa kubahatisha.

Akifika kwenye fremu, mzee haihesabu karatasi. Huandika pembeni choki, katriji, umbali na hali ya hewa, huing'oa, huiviringa, hubandika nyingine. Akirudi hugusa choki kwa vidole kuona kama imelegea. Hugusa na mtutu. Ukiwa na joto husubiri, maana msituni katriji itakayomhusu ndege itakuwa ya kwanza, katika mtutu uliopoa kwa baridi ya alfajiri. Tulikaa kimya muda mrefu namna hiyo, tukinywa kahawa kutoka kwenye chupa yake. Kwa kila choki na kila katriji hupiga karatasi zisizopungua tatu, kwa sababu marisau hayajipangi sawasawa mara mbili, na karatasi moja nzuri imewadanganya wengi.

Kuhesabu hufanyika mezani, karakanani, na hapa ndipo penye utamu wote kwangu. Kipimo cha zamani cha choki ni mduara wa inchi 30 kwa yadi 40: choki kamili huweka humo marisau 70 katika kila 100. Mduara huo unamfaa anayewinda mabata wa majini wakiruka. Kwa shingo ya bata mzinga ni mpana mno, hivyo wawindaji wake hutumia mduara wa inchi 10. Mzee amekata wake kwa plastiki angavu. Huutelezesha juu ya karatasi akitafuta mahali penye msongamano mkubwa, husimama, husogea nyuma atazame kwa mbali, hurudi, huusogeza kidogo. Akiridhika huchora. Hiyo ndiyo sababu hachori kabla ya kupiga: kwanza anataka kujua kiini kiko wapi, kisha kiko mbali kiasi gani na msalaba.

Mduara huugawa robo nne. Kila tundu hulipiga alama kwa kalamu, robo moja kwa wino mwekundu, nyingine wa buluu, akiinama kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Tundu likiwa refu kidogo hulitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa mara nyingine marisau mawili hupita yakigusana na kuacha umbo la namba 8. Hayo huyahesabu mawili. Wengi wa wawindaji hawa hutaka marisau 100 ndani ya mduara huo kwa yadi 40, nao hukoma hapo. Mzee hakomi. Amekata katoni kwa umbo la kichwa na shingo ya ndege kwa ukubwa wake halisi, na huutembeza mkato huo ndani ya mduara, robo kwa robo, akitafuta mahali ambapo ungeweza kukaa fuvu na shingo zikabaki salama. Akipata pengo kama hilo hulizungushia mstari. Karatasi yenye marisau mengi na mapengo mawili huiweka chini ya karatasi yenye marisau machache yaliyoenea vizuri.

Choki iliyobana kuliko zote ndiyo niliyodhani ingeshinda. Haikushinda. Karatasi zake zilikuwa na kiini cheusi upande mmoja na mabaka matupu upande wa pili, na nje ya mduara marisau yametapakaa ovyo. Mzee hakushangaa. Mdomo ukibana kupita kiasi huyaminya marisau laini ya risasi wakati wa kutoka, yakabonyea, yakasukumana, na yanayofika kwenye karatasi ni yaliyopotea njia. Choki ya kati, pamoja na Namba 5, ilitoa karatasi tatu zinazofanana. Pamoja na Namba 6 ilitoa idadi kubwa zaidi, lakini mzee alirudia kwenye Namba 5. Hapo nilielewa kwamba hakuna choki bora wala katriji bora. Kuna ndoa kati ya mtutu, choki na katriji, na ndoa hiyo haitabiriki mpaka ijaribiwe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. William Pape wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza ya kubana mdomo wa mtutu mwaka 1866, na Sylvester Roper wa Marekani akapata ya choki inayofungwa na kufunguliwa mwaka 1868. Miaka hiyohiyo Fred Kimble, mwindaji wa mabata wa Illinois, alikuwa akichonga mitutu yake mwenyewe na kuipiga kwenye shabaha, akiondoa chuma kidogo kidogo na kupiga tena. Hakuna kati yao aliyekuwa na hesabu ya kumwambia mapema nini kitatokea.

Katriji zilizokuwa zimewekwa kando ni za tangisteni. Risasi ina gramu 11 na kitu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Aloi hii ya tangisteni ina yapata 18. Kwa hiyo marisau ya Namba 9, yenye kipenyo cha milimita 2 tu, huhifadhi nguvu ya kutosha kupenya, na wakia 1 hubeba zaidi ya 350. Zamani waliokuwa nayo ni wachache waliojijazia katriji nyumbani. Tangu kiwanda cha Federal kilipoanza kuziuza mwaka 2018 zimeenea sana, ingawa katriji moja huweza kuzidi dola 10. Marisau hayo ni magumu hata yangeweza kuukwaruza mtutu, kwa hiyo kikombe chake ni kinene. Mzee alipiga chache. Karatasi ilikuwa imejaa hivi kwamba kuhesabu robo moja kulimchukua muda wa robo zote nne za awali. Aliandika idadi hiyo kwa uaminifu, akasema katriji ile ingemfikisha mbali kuliko anavyotaka kwenda. Anapenda ndege awe karibu, amsikie akivuta mabawa chini kwenye majani makavu. Sikuwa na la kuongeza, maana karatasi ilikuwa mbele yetu na uamuzi ulikuwa wake.

Kisha alirudi karibu, jambo ambalo wengi huliruka. Fremu iliwekwa yadi 10. Marisau yote, karibu 300, yalipita kwenye tundu moja lisilozidi ngumi. Dume akiitika vizuri huja hadi hapo, na mwindaji aliyezoea kuwaza mtawanyiko humkosa kabisa, kwa kuwa kwa umbali huo hakuna mtawanyiko. Mzee alipiga karatasi hizo kwa uangalifu uleule wa yadi 40, akapima ngumi ile imeangukia wapi.

Mwisho aliiacha meza. Alikwenda kwenye mwaloni ulio ukingoni mwa malisho, akaketi kwenye mto mwembamba, mgongo kwenye shina, magoti juu, bunduki juu ya goti la kushoto, kama atakavyokaa Aprili. Alivaa koti na glavu zilezile atakazovaa. Mwili ukikaa hivyo, bega hukaa pengine na shavu pengine, na kilicholengwa vizuri mezani huweza kusogea. Kilisogea kidogo, chini. Alirekebisha kitako kwa kipande cha ngozi chini ya shavu, si kilengeo, akapiga tena hadi karatasi ikakubali.

Uamuzi wa umbali huutoa kwa karatasi mbaya kuliko zote, si kwa ile nzuri. Kwa yadi 40 karatasi mbaya ya Namba 5 ilikuwa na marisau 97 na pengo moja ambalo mkato wa katoni uliingia. Kwa yadi 35 haikuwapo hata moja yenye pengo. Basi 35. Aliiandika kwenye utepe mweupe, akaubandika ubavuni mwa kitako, mahali anapouona akitaka kulaza shavu, chini yake namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi la katriji. Toleo likibadilika, karatasi zitaanza upya, kwa kuwa baruti ya toleo moja si lazima ifanane na ya jingine.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya bunduki ya geji 20 ya mjukuu wake, msichana atakayewinda kwa mara ya kwanza. Mtutu wake una kipenyo cha milimita 15.6, choki ni nyingine, katriji ni nyingine, na hakuna hata tarakimu moja ya daftari la zamani inayomfaa. Mzee alibandika karatasi kwa yadi 20, akachora msalaba, akarudi nyuma kumpisha. Alimwachia kila kitu: kukagua choki, kusubiri mtutu upoe, kuandika pembeni. Jioni walikaa mezani pamoja, kila mmoja na kalamu yake, wakahesabu karatasi moja kwa zamu. Babu alipata 112, mjukuu 114. Mzee akachukua kioo cha kukuzia, akapitia robo ya chini mara mbili, akayakuta matundu mawili yenye umbo la namba 8 aliyokuwa ameyapita, akaandika 114.